Vigari Visivyonguruma

Rubani hakuwahi kupanda ndege maishani mwake. Jina hilo alipewa na watoto wa shule kwa namna alivyoliendesha basi lao: liliondoka kituoni taratibu kama linalopaa, na liliposimama, hata maji ndani ya chupa hayakutikisika. Wazazi wakalidaka jina, walimu wakalidaka, mwisho hata mkewe akawa anamwita hivyo mezani. Alipotimiza miaka arobaini, marafiki zake walimuuliza anataka nini. Keki hakutaka, hotuba hakutaka. Alitaka mashindano ya vigari.

"Vigari gani tena?" Msusi aliuliza. Simu aliibana kati ya sikio na bega, maana mikono yote miwili ilikuwa kichwani mwa mteja.

"Vile vya umeme, kwenye lile ghala la zamani. Unakaa chini mpaka makalio yanakaribia kukwaruza sakafu. Mimi, wewe, Mwalimu na Redio. Kama zamani, dada."

Kama zamani maana yake ni kwamba wote wanne walikua mtaa mmoja na kusoma darasa moja. Msusi sasa alikuwa na saluni yake ndogo yenye viti viwili na kioo kilichopasuka pembeni. Mwalimu, mwanamke mpole mwenye miwani mizito, alifundisha katika shule ileile ambayo Rubani aliiendeshea basi. Redio alikuwa seremala. Jina lake lilitokana na ukweli kwamba tangu alipojifunza kusema, hajapatikana mtu wa kumzima.

Lakini kwa Msusi, Rubani alikuwa zaidi ya rafiki. Msusi alizaliwa peke yake, hana kaka wala dada. Mama yake alipozidiwa, ni Rubani aliyembeba mgongoni ngazi zote za jengo mpaka chini na kumkimbiza hospitali. Mama alipofariki, ni Rubani aliyesimama na wanaume kama mtoto wa kiume wa nyumba ile. Kuanzia hapo wakaitana kaka na dada. Mke wa Rubani akawa wifi, binti yao mkubwa akamwita Msusi shangazi, na hakuna aliyewahi kuuliza damu ilipita wapi. Binti mdogo wa Msusi naye alipoanza shule, kwenye basi la mjomba wake ndiko alikopelekwa, na mama mtu akalala usingizi.

Ni Mwalimu peke yake aliyelipinga wazo la vigari. "Kwa nini tusikae tu mahali tukale, tukacheke, tukarudi?" alisema.

"Mwalimu, kwa woga huo utazeeka huna hata kovu la kuhadithia wajukuu," Msusi akamtania.

Mwalimu aliivua miwani yake, akaifuta, akasema basi atakuja.

Walikwenda Jumamosi mchana, ndani ya gari la Rubani, Rubani mwenyewe akiendesha, Mwalimu kakaa kiti cha mbele kushoto kwake. Ghala lilikuwa limepakwa rangi nyeusi na nyekundu. Njia ya mashindano ilijikunja humo ndani kama utumbo, kila kona imezungushiwa matairi yaliyofungwa pamoja, na hewa ilinuka mpira ulioungua. Msimamizi wa njia alikuwa mama mnene mwenye filimbi na rimoti iliyoning'inia shingoni. Aliwapanga mstari kama wanafunzi.

"Bendera ya manjano, punguza mwendo. Bendera ya buluu, kuna mtu nyuma yako ana kasi, mpishe. Kulia ni kuongeza mwendo, kushoto ni breki. Na atakayeniletea uhuni, namzimia kigari hapohapo kwa kidole kimoja."

"Mama, na mume nyumbani unamzimia hivyohivyo?" Redio akauliza.

"Yule aliishiwa chaji zamani," mama akajibu bila kucheka. Wao ndio waliocheka, mpaka Rubani akafuta machozi kwa mgongo wa mkono.

Kilichomshangaza Msusi vigari vilipoondoka ni ukimya. Alizoea kwamba kitu kinachokimbia hupiga kelele. Hivi havikunguruma, vilisonya kidogo tu, kama mtu anayevuta pumzi kwenye meno, na matairi yakalia kwenye kona. Basi. Ndani ya kofia ngumu ulijisikia moyo wako mwenyewe. Nyuma yake Redio alikuwa akipiga ukelele, "Kanyaga mafuta! Kanyaga mafuta!" na Msusi akamjibu, "Mafuta gani wewe, hiki kinakula umeme!"

Raundi ya kwanza ilikuwa raha tupu. Rubani aliongoza, kama kila mtu alivyotarajia, akizikata kona kwa ulaini uleule wa basi lake. Lakini kila Redio alipojaribu kumpita kwa kushoto, Rubani alimfungia njia, wakagongana, na Redio akaishia kwenye matairi akitukana kwa furaha. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu hivyohivyo.

"Huyu hataki kupitwa siku ya kuzaliwa kwake!" Redio alipayuka walipopumzika.

"Mpishe mwenye nguvu, ndugu," Rubani akasema, akicheka. Ila hakumtazama Redio. Alitazama pale sauti ilipokuwa imetokea, na Redio alikuwa ameshahama.

Msusi aliona mambo mengine pia, bila kujua kwamba anayaona. Mwalimu, aliyesema anaogopa mwendo, hakubaki nyuma hata kidogo. Alimganda Rubani ubavuni, upande wa kushoto, kama kuku anayezuia kifaranga kisiingie barabarani. Na mama wa rimoti alipopeperusha bendera upande wa kulia, Rubani alitii mara moja. Alipopeperusha upande wa kushoto, Rubani alipita kama hakuna bendera, mpaka filimbi ilipolia.

Raundi ya pili Msusi aliingia na shetani wa ushindi kichwani. Alimpita Redio, akampita Mwalimu, na kwenye ule mnyooko mrefu kabla ya kona ya mwisho akajikuta amelingana na Rubani, gurudumu kwa gurudumu, kushoto kwake. Walikuwa karibu kiasi kwamba angeweza kunyoosha mkono amshike bega. Na ndivyo alivyokaribia kufanya: aliinua mkono akaupunga, akapiga kelele, "Kwaheri, kaka!"

Rubani hakugeuka. Aliukata usukani na kuingia moja kwa moja alipokuwa Msusi.

Kigari cha Msusi kilisukumwa kikapanda matairi, mkono uliokuwa hewani ukabanwa kati ya usukani na ukingo, na maumivu yakampanda mpaka kwenye meno. Filimbi ikalia. Vigari vyote vikazimika kwa pamoja.

Rubani aliivua kofia yake upesi. "Nini?" aliuliza. "Nimegonga nini?"

Hakuuliza amemgonga nani. Aliuliza nini, na aliuuliza upande wa kulia kwake, wakati Msusi amelala karibu kabisa kushoto.

Mkono haukuvunjika. Mama wa rimoti aliufunga barafu na kitambaa, akawafokea wote, akamfokea Rubani zaidi. Walikaa kwenye meza ya plastiki karibu na mashine ya soda. Rubani aliomba radhi mpaka akakera. "Dada, mkono wa kazi! Mimi ni mjinga. Nilipandwa na utoto."

"Yamekwisha," Msusi akasema. Lakini moyo wake ulikuwa umeshaanza kufanya hesabu ambayo hakuipenda. Alinyanyua chupa ya soda ya Rubani, ambayo hajaigusa, akaiweka taratibu kushoto kwa kaka yake, karibu na kiwiko. Alijichukia alipokuwa akifanya hivyo. Rubani aliitafuta chupa pale alipoiacha, akapapasa meza, akageuka kumuuliza Redio kama ameinywa, na kiwiko kikaiangusha. Soda ikatiririka hadi kwenye suruali ya Mwalimu. Mwalimu akainuka haraka mno kwenda kuleta karatasi za kufutia. Redio akaanza kusimulia habari ya mteja aliyetaka kitanda cha miguu mitatu, akaisimulia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Rubani alipokwenda kunawa, Msusi alimfuata. Alimkuta ameinamia sinki, maji yanamchuruzika usoni.

"Kaka. Jicho la kushoto tangu lini?"

Angeweza kukataa. Msusi alimwona akiliwaza hilo kwenye kioo. Kisha mabega yakamshuka.

"Lilianza kufifia mwaka jana. Presha ya macho. Daktari anasema mshipa umekufa, haufufuki."

"Na la pili?"

"La pili lipo. Linaona." Akajifuta maji usoni. "Pembeni ndiyo limeanza kuliwa kidogo."

"Na unabeba watoto."

"Nabeba watoto na sijawahi kumkwaruza hata mmoja! Barabara ile naijua kama chumba changu. Nasikia gari kabla halijafika, nasikia pikipiki, nasikia hata mtoto akikimbia. Hapa hakuna kitu kinacholia, ndiyo maana. Hivi vigari ni vya majini."

"Watoto wanashukia kushoto, kaka. Mlango uko kushoto. Mtoto akiinama kuokota kalamu hapo chini, atalia vipi umsikie?"

Rubani alifunga bomba. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, mtu mdogo. "Binti yangu anamaliza shule mwakani. Mwaka mmoja tu, dada. Mimi nje ya usukani ni nani? Sina cheti, sina ufundi, sina kingine. Nilichotaka leo ni kujiona bado naweza."

Msusi alilia, naye akalia, wakashikana pale kwenye chumba cha kunawia kama siku ya msiba wa mama. Lakini hakumwachia lile jambo. Alimwambia: usishike usukani wa basi tena. Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda popote, mwone mkuu wa shule mwambie mwenyewe. Kwa mtu aliyewatumikia hivyo, watakutafutia kazi ya getini au stoo. Rubani akaapa. Aliapa kwa jina la marehemu mama wa Msusi, yule aliyembeba mgongoni.

Kwenye maegesho, Msusi akasema, "Leo Redio ataendesha." Rubani akatoa funguo. Redio akazipokea bila kuuliza kwa nini. Mwalimu akapanda nyuma, naye hakuuliza. Gari lilikuwa limeshafika barabara kuu ndipo ukimya ule ulipomfikia Msusi na maana yake.

"Mlijua," akasema.

Mwalimu alitazama dirishani. Na Redio, yule asiyezimika, alikuwa amezimika.

"Nyote mlijua. Mimi peke yangu ndiye niliyefichwa, na mwanangu yumo ndani ya basi lile kila siku."

"Tulikuficha kwa sababu tunakujua," Mwalimu akasema polepole. "Wewe jambo likikuingia halikai tumboni."

Jumapili yote Msusi alikaa na simu mkononi, akitumaini. Jumatatu alimvalisha mtoto sare, akamsindikiza kituoni, akijiambia kwamba leo basi litaletwa na mtu mwingine. Basi likaja. Lilisimama taratibu, kwa ulaini ule ambao hakuna mwingine aliyeuweza, mlango ukafunguka, na kwenye usukani alikuwa Rubani, ameng'ata tabasamu.

Mtoto alikuwa ameshainua mguu. Msusi akamvuta nyuma kwa begi.

"Kaka. Uliapa."

"Muhula ukiisha, dada," Rubani akasema kwa sauti ya chini, ya kubembeleza. "Zimebaki wiki chache tu. Usinidhalilishe mbele ya watoto."

Vichwa vidogo vilijaa madirishani. Mmoja wao alimpungia mkono binti wa Msusi. Msusi alisimama pale, mkono wake uliofungwa kitambaa ukimpwita, na ndani yake kila kitu kilimwambia nyamaza. Kisha mlango ukafungwa. Basi likaondoka kama linalopaa, na yeye akamshika mtoto mkono wakaanza kutembea kwenda shuleni. Walipofika, alimwacha mtoto darasani, akabisha mlango wa mkuu wa shule.

Mambo mengine yalikwenda haraka. Rubani alipelekwa kupimwa, akashindwa, akanyang'anywa funguo. Kazi ya getini haikupatikana, ya stoo haikupatikana. Mkuu wa shule alisema hawezi kumwamini mtu aliyeficha jambo kama hilo. Mwalimu aliitwa akaulizwa kama alikuwa anajua. Alisema hapana, na aliposema hivyo Rubani alikuwa amekaa pembeni yake.

Jioni ile Mwalimu alipiga simu. "Ungeniambia mimi kwanza. Tungelimaliza ndani kwa ndani."

"Nikwambie kitu ulichokuwa unakijua?"

"Kakubebea mama yako yule," Mwalimu akasema, na akakata simu. Huo ukawa mwisho wa urafiki wa tangu utotoni.

Wifi alikuja saluni siku ya tatu, saa ambayo viti vyote viwili vilikuwa na watu. Hakuingia, alisimama mlangoni ameshikilia fremu. "Nimekuja uniangalie usoni," akasema. "Hukuona usiku anavyokaa. Hukuona. Mtu mzima anaendesha kiti cha sebuleni." Wateja waliinamisha vichwa. Msusi akaanza kusema, "Wifi," na yule mwanamke akainua kidole: "Jina hilo lirudishe ulikolitoa."

Dereva mpya alikuwa kijana mwenye macho mazima mawili na mguu mzito. Alikanyaga breki watoto wakagonga pua kwenye viti. Wengine walirudi nyumbani wametapika. Wazazi wakaanza kumkumbuka Rubani, na ukimkumbuka Rubani lazima umkumbuke aliyemtoa. Kwa nini hakumwachia mwaka ukaisha? Kwani alimgonga nani? Wahenga walisema msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Hawakusema kama atabaki na mpenzi mwingine. Kiti kimoja cha saluni kikawa kinashinda tupu. Redio alipita mara moja kurekebisha mlango uliokuwa unakwama, akafanya kazi yake kimya, akaondoka. Binti wa Msusi aliuliza mjomba ataacha lini kukasirika. Mama yake akamwambia akamalize kazi za shule.

Hata yeye mwenyewe hakupata faraja ya kuwa na haki. Mtu akizuia ajali, hakuna ajali. Hakuna damu ya kuwaonyesha watu, hakuna mtoto wa kumshika mkono na kusema, huyu hapa, ningenyamaza angekuwa kaburini. Kulikuwa na basi linalokwenda na kurudi, na mwanamume amekaa barazani kwake mchana kutwa.

Mwaka ukapita. Siku moja kabla ya mahafali, binti mkubwa wa Rubani aliingia saluni, mrefu sasa, ameshika shanga za nywele kwenye mfuko. Msusi ndiye aliyemsuka tangu nywele zake zilipoanza kushikika.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Alikaa. Msusi alizigawa nywele, akaanza nyuma ya shingo. Kifundo cha mkono bado kilimuuma akisuka kwa muda mrefu, lakini hakupumzika.

"Mama hajui niko hapa," msichana akasema. "Nitamwambia nimesukwa kwa mwingine."

"Atajua. Mkono wangu anaujua."

"Basi atajua."

Msusi alisuka mpaka katikati ya kichwa. Kisha akauliza habari za baba. Msichana akasema jicho la pili limefika nusu, sasa anashikwa mkono kwenda chooni usiku. Kesho ataletwa mahafali na Redio, atakaa mstari wa mbele ili aone. Ikiwa ataona.

"Shangazi, nikuulize?"

"Uliza."

"Ungeweza kunyamaza?"

Vidole vya Msusi vilisimama. Angeweza kumpa habari za mlango wa kushoto, za kalamu inayoanguka, za kiapo kilichovunjwa. Aliwahi kuyapanga maneno hayo kitandani, yakapangika vizuri sana. Lakini msichana hakuwa ameuliza kama ilifaa.

"Ningeweza," akasema.

Msichana aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyethibitishiwa jambo. Machozi yalimtoka bila sauti, na Msusi akaendelea kusuka kwa sababu hakujua kingine cha kufanya na mikono yake. Alipomaliza, alimzungushia kioo cha nyuma ajione. Alikuwa amependeza kuliko siku zote.

Mlangoni msichana aligeuka. "Kesho usije, shangazi. Tafadhali. Baba akisikia sauti yako pale, siku yangu itaharibika."

"Sikupanga kuja," Msusi akasema.

Gauni la kesho alikuwa amelipiga pasi tangu asubuhi, linaning'inia nyuma ya pazia. Alimngoja msichana akate kona, kisha akaenda akalikunja.